Mabilioni ya utafiti wa dawa: kampuni yavuna nini, Kisumu yavuna nini?

Tangu chanjo ya malaria ianze kutolewa katika kaunti za eneo la Ziwa Victoria mwaka wa 2019, kuna swali moja ambalo daktari yeyote wa Kisumu amelisikia, awe katika kliniki ya mtaani Nyalenda au katika hospitali ile kubwa ambayo wengi wetu bado tunaiita "Russia". Mzazi humleta mtoto, huitazama sindano, kisha huuliza: "Daktari, hii kampuni ya ng'ambo inapata nini kwa mtoto wangu?"

Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Wengine huliuliza kwa ukali zaidi, wakidai kwamba watoto wa Nyanza wamefanywa panya wa maabara ili watu wa mbali watajirike. Wiki hii nataka kulijibu kwa tarakimu, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya kushangaza, na kwa sababu mzazi anapolielewa jambo hili vibaya anayeumia ni mtoto aliyekosa chanjo.

Wachumi wana neno wanalolipenda, nalo ni tija. Maana yake ni kiasi cha bidhaa au kazi kinachopatikana kwa kila shilingi au kila saa iliyotumika. Kwa mwenye kiwanda cha sabuni hesabu hiyo ni rahisi. Akinunua mashine mpya leo, mwezi ujao ataona kama miche imeongezeka. Utafiti hauko hivyo. Pesa hutoka leo, mavuno huja baada ya miaka kumi au ishirini, na mara nyingi hayaji kabisa. Watu wa Muhoroni na Chemelil watanielewa upesi: aina moja mpya ya miwa, kama zile zinazotafitiwa hapa petu Kibos, huchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kukabidhiwa mkulima, na nyingine nyingi hutupwa njiani.

Dawa ni ngumu kuliko miwa. Kati ya dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takriban 9 hushindwa. Huenda ikawa hazitibu, au zinatibu lakini zinadhuru ini, au zinafanya kazi ile ile ambayo dawa ya zamani ya bei nafuu inaifanya. Gharama ya hizo 9 hubebwa na ile 1 iliyofaulu. Mwaka wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walikadiria kwamba dawa moja mpya humgharimu mtengenezaji dola bilioni 2.6 hadi ifike sokoni. Kampuni za dawa huipenda sana tarakimu hiyo, lakini ni vyema kujua imepatikanaje. Pesa zilizotoka mfukoni hasa ni takriban dola bilioni 1.4. Kiasi kilichobaki ni faida ambayo pesa hizo zingezaa kama zingewekwa kwingine kwa miaka yote hiyo. Isitoshe, hesabu zenyewe zilitolewa na kampuni kwa siri, na mtu wa nje hawezi kuzikagua. Mimi huichukulia tarakimu hiyo kama bei ya kwanza anayoitaja muuzaji sokoni Kibuye.

Jambo lisilo na ubishi mkubwa ni kwamba tija ya utafiti wa dawa imekuwa ikishuka. Mwaka wa 2012 wataalamu walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba tangu 1950, idadi ya dawa mpya zilizoidhinishwa Marekani kwa kila dola bilioni moja ya utafiti ilikuwa ikipungua kwa nusu kila baada ya miaka 9 hivi, hata baada ya kuondoa athari za kupanda kwa bei. Sababu ni nyingi. Matunda ya matawi ya chini yalichumwa zamani. Dawa mpya ya shinikizo la damu ni lazima ishinde zile nzuri za bei rahisi ambazo tayari ziko katika kila duka la dawa. Masharti ya usalama nayo yalikazwa baada ya thalidomide kuwalemaza maelfu ya watoto tumboni mwa mama zao, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hili la mwisho mimi silalamiki.

MIAKA 34 KWA SINDANO MOJA

Sasa tuitazame chanjo yetu. Jina lake la kitaalamu ni RTS,S. Iliundwa mwaka wa 1987 katika maabara za Ubelgiji za kampuni ambayo baadaye, kwa kuungana na nyingine, ikawa GlaxoSmithKline, au GSK kwa ufupi. Waliofanya nayo kazi walikuwa watafiti wa taasisi ya tiba ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed. Jeshi lilitaka kuwakinga askari wake, na kampuni ilikuwa na matumaini ya kuwauzia wasafiri. Mtoto wa Seme au Ndhiwa hakuwa mteja aliyefikiriwa.

Miaka 10 ikapita. Mwaka wa 1997 ilitangazwa kwamba aina moja ya chanjo hiyo imewakinga watu 6 kati ya 7 waliojitolea kuumwa na mbu wenye vimelea. Mwaka uliofuata ilianza kujaribiwa Afrika, nchini Gambia. Hapo ndipo kampuni ilipokabiliwa na hesabu ngumu, kwani wale wanaoihitaji zaidi chanjo hii ndio wasioweza kuinunua. Mwaka wa 2001 ikaingia katika ushirikiano na shirika la PATH, ambalo lilipata fedha kutoka kwa wakfu wa Bill na Melinda Gates. Kufikia 2013 GSK ilisema imetumia zaidi ya dola milioni 350 za kwake, na wakfu huo ulikuwa umetoa zaidi ya dola milioni 200.

Majaribio makubwa ya mwisho yalifanywa kati ya 2009 na 2014, kwa watoto wachanga na wadogo 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Kenya ilikuwa na vituo vitatu, Kilifi, Kombewa na Siaya, na hivi viwili vya mwisho viko hapa kwetu. Watoto waliopata sindano ya kwanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakamaliza zote nne, walipungukiwa na visa vya malaria kwa asilimia 39 katika miaka minne, na malaria kali kwa asilimia 29. Ulaya ilitoa maoni ya kuiunga mkono mwezi wa Julai 2015. Shirika la Afya Duniani likataka kwanza lione inavyofanya kazi katika zahanati za kawaida, na hivyo Malawi, Ghana na Kenya zikachaguliwa. Kwetu ilizinduliwa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019, na shirika hilo likaipendekeza rasmi kwa watoto wa Afrika mwezi wa Oktoba 2021. Ukihesabu kutoka 1987, hiyo ni miaka 34.

Asilimia 39 ni kidogo, na chanjo ya surua hufanya vizuri zaidi. Lakini malaria haisababishwi na virusi. Ni kimelea chenye maelfu ya jeni kinachobadilisha sura kila kinapohama kutoka kwenye ngozi kwenda ini, na kutoka ini kwenda damu. Na mahali ambapo mtoto hupata malaria mara tatu au nne kwa mwaka, kupunguza zaidi ya theluthi moja ni vitanda vingi vya hospitali. Katika maeneo ya mpango huo wa nchi tatu, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Hivyo ni vifo vya kila aina, si vya malaria peke yake.

Je, kampuni ilivuna nini? Kwa chanjo yenyewe, karibu na bure. GSK iliahidi kuuza kwa gharama ya kutengeneza na kuongeza si zaidi ya asilimia 5, na hiyo 5 irudi katika utafiti wa magonjwa ya nchi maskini. Dozi za mpango wa majaribio, hadi milioni 10, ilizitoa kama msaada. Mwaka wa 2021 ilitangaza kwamba itaikabidhi kazi ya utengenezaji Bharat Biotech ya India. Mhasibu akitazama ukurasa huo peke yake atasema kwamba pesa zilitupwa ziwani.

Lakini kuna ukurasa mwingine. Ili kinga ya mtoto iamke vya kutosha, watafiti walilazimika kutengeneza kichocheo maalumu kinachochanganywa na chanjo. Kinaitwa AS01, na sehemu yake mojawapo hutoka katika ganda la mti fulani wa nchi ya Chile. Kichocheo hicho hicho, kwa kipimo kikubwa zaidi, ndicho kilichotiwa katika chanjo ya mkanda wa jeshi iitwayo Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017. Mkanda wa jeshi, kwa msomaji ambaye hajauona, ni ule upele wenye malengelenge na maumivu makali unaozunguka upande mmoja wa mwili, hasa kwa wazee. Mwaka wa 2023 peke yake Shingrix iliiletea GSK mauzo ya zaidi ya pauni bilioni 3. Wanunuzi ni wastaafu wa Marekani, Ulaya na kwingineko kwenye bima nzuri.

Hivyo basi, yale yaliyojifunzwa katika kupambana na malaria yaliisaidia kampuni kupata moja ya bidhaa zake zenye faida kubwa kabisa. Sidai kwamba ilipanga hivyo. Ndivyo utafiti ulivyo: unachimba kisima hapa, maji yanatokea pale.

MAARIFA HAYAKAI KWENYE UA

Wachumi wamejaribu kupima jambo hili kwa maelfu ya kampuni za Marekani. Utafiti mmoja mashuhuri wa 2013 ulipata kwamba manufaa ya fedha za utafiti kwa jamii nzima ni zaidi ya mara mbili ya yale yanayobaki kwa kampuni iliyozitoa. Kampuni nyingine husoma, huajiri wataalamu wale wale, huepuka njia iliyofeli. Chuo Kikuu cha Oxford kilipounda chanjo ya pili ya malaria, R21, kilitumia sehemu ile ile ya kimelea iliyokuwa imetumiwa katika RTS,S. R21 ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Oktoba 2023, hutengenezwa na Serum Institute ya India, na ilianza kwa bei ya kati ya dola 2 na 4 kwa dozi. Ushindani huo umekuwa na matokeo: mwezi wa Juni 2025 GSK na Bharat zilitangaza kwamba RTS,S itashuka chini ya dola 5 kufikia 2028.

Watu wa Asembo walishaona jambo la namna hii kwa macho yao. Kati ya 1996 na 1999 vijiji vya Asembo na Gem vilishiriki katika utafiti wa vyandarua vilivyotiwa dawa. Vifo vya watoto vilipungua. Lakini kilichowashangaza watafiti ni kwamba nyumba zisizo na neti, ikiwa ziko ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa zilizo nazo, nazo zilipata kinga. Mbu aliyekufa kwa jirani hakuwafikia. Maarifa yana tabia hiyo, na ndiyo sababu kampuni inayohesabu faida yake peke yake hutumia pesa kidogo kwa utafiti kuliko jamii inavyohitaji.

Mfano unaouma zaidi ni kifua kikuu. Kichocheo AS01 kilitiwa pia katika chanjo ya kifua kikuu iitwayo M72. Ilijaribiwa kwa watu wazima Kenya, Afrika Kusini na Zambia, na matokeo ya 2019 yalionyesha kwamba iliwakinga takriban nusu ya watu waliokuwa tayari na vimelea, wasiugue. Hakuna chanjo mpya ya ugonjwa huo iliyokuwa imefika hapo kwa karibu miaka mia moja. Ungetarajia kampuni ikimbilie hatua ya mwisho. Badala yake, mwaka wa 2020 GSK iliipa leseni taasisi ya utafiti ya wakfu wa Gates. Majaribio makubwa yalianza mwaka wa 2024 Afrika Kusini, kwa dola milioni 550 ambazo wakfu huo na ule wa Wellcome wa Uingereza ziliahidi mwaka wa 2023. Watu wapatao 20,000 wamejiunga, Wakenya wakiwemo. Miaka minne kati ya leseni na sindano ya kwanza ni mingi kwa ugonjwa unaoua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka duniani. Mkanda wa jeshi huua wachache sana, lakini wagonjwa wake wana pesa.

Tena kuna utafiti ambao hakuna kampuni ingeugusa kamwe, kwa kuwa hauna cha kuuza. Hapa hapa Kisumu, vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walishiriki katika uchunguzi wa kama tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Ulisimamishwa Desemba 2006 kabla ya wakati wake, kwa sababu jibu lilikuwa limeshajulikana: maambukizi yalipungua kwa takriban nusu. Fedha zilitoka kwa taasisi za afya za serikali za Marekani na Kanada. Kwa kila dola iliyotumika, sijui ni maabara gani ya kampuni ingeonyesha tija kama hiyo.

Na wanaoikumbuka Kisumu ya miaka ya 1990 na mazishi yake ya kila Jumamosi wanajua upande mwingine wa mambo. Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilikuwepo, utafiti ulikuwa umekamilika, lakini kufikia 2000 gharama ya mgonjwa mmoja ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuuza peke yake kwa miaka 20, ndiyo inayomrudishia pesa zake za utafiti. Bila hataza wengi wasingetafiti. Lakini hataza hiyo hiyo ndiyo iliyofunga mlango. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, na mwaka huo huo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyorahisisha kuingiza dawa za bei nafuu. Wapo wasomaji wa ukurasa huu walio hai kwa sababu hiyo.

Kampuni za dawa za hapa nchini, kwa upande wao, hutengeneza hasa nakala za dawa ambazo hataza zake zimekwisha. Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Mwaka wa 2022 Universal Corporation ya Kikuyu ilikuwa ya kwanza barani Afrika kupata kibali cha ubora cha Shirika la Afya Duniani kwa dawa ya SP, ile wanayopewa waja wazito kuwakinga na malaria. Kwa utafiti wa mambo mapya, sheria yetu ya sayansi ya 2013 ilitaka asilimia 2 ya pato la taifa iende huko. Hatujafika karibu na hapo. Tumewategemea wafadhili, na Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, eneo hili lilihisi mara moja.

Hili halimhusu daktari peke yake. Mwenye kiwanda cha samaki au karakana ya magari hapa mjini naye ana tija yake ya kuhesabu. Mama anayekaa siku nne wodini na mtoto mwenye malaria hayuko kazini. Mwajiri anayewapa wafanyakazi ruhusa ya nusu siku kwenda kliniki ya chanjo hapotezi kitu. Dawa tunazozitegemea nazo hazitadumu milele. Klorokwini iliachwa nchini mwaka wa 1998, SP ikaachwa kama tiba ya kawaida mwaka wa 2004, na sasa dalili za kimelea kuanza kustahimili artemisinini zimeonekana Uganda, Rwanda na Tanzania. Mwezi wa Novemba 2025 Novartis na washirika wake walitangaza kwamba dawa mpya isiyo na artemisinini, GanLum, imeponya zaidi ya wagonjwa 97 kati ya 100 katika majaribio ya Afrika. Hiyo nayo haikugharamiwa na kampuni peke yake.

Basi mzazi anayeniuliza kampuni inapata nini kwa mtoto wake, humjibu hivi: kwa sindano hii yenyewe, inapata kidogo sana, kwa maarifa yaliyotokana nayo, ilipata mengi, na wewe hulipi chochote katika kituo cha serikali. Kuhusu panya wa maabara, sindano anayopewa leo si ya majaribio tena. Lakini ukialikwa kushiriki katika utafiti wowote, uwe wa KEMRI pale Kisian au wa mwingine, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, Kiluo kikiwemo, kujua nani anagharamia na nani atakutibu ukidhurika, na kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Omba nakala ya fomu uliyoitia sahihi.

Tatizo tunalolikuta zaidi ni sindano ya nne. Mpango wa Kenya ulipoanza, tatu za kwanza zilipangiwa miezi 6, 7 na 9, na ya nne miezi 24, wakati ambapo mzazi ameshasahau njia ya kliniki. Tazama tarehe iliyoandikwa katika kijitabu cha mtoto, na kama imepita, mpeleke tu, muuguzi atakuelekeza. Mtoto aendelee kulala ndani ya neti. Akishikwa na homa, apimwe damu kabla ya kupewa dawa, hata kama amemaliza sindano zote nne.